Tyubu Iliyorudishwa

Jalada lilikuwa na kurasa kumi na moja tu, na Inspekta hakuwa na imani na majalada membamba. Jalada nene humchelewesha mtu. Jembamba humfikisha jela kabla hajajua kosa lake. Alilisoma mara ya tatu, kalamu nyekundu mkononi, akisahihisha nukta na mikato ya koplo aliyeliandika. Tabia hiyo ndiyo iliyompatia jina pale kituoni. Mbele yake walimwita Afande. Akigeuka, Bi Nukta.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Mwanamke wa miaka thelathini na moja alijifungua mtoto wa kike, mtoto mzima kabisa, lakini mama akaendelea kutokwa na damu. Daktari akaagiza aongezewe. Mfuko ukaja wodini, kundi B, una jina lake na namba yake. Damu haijaingia hata robo saa, akasema kiuno kinamkata, akaanza kutetemeka, mkojo ukatoka rangi ya chai kavu. Kesho yake alfajiri akafa. Daktari aliyeukagua mwili aliandika maneno manne: alitiwa damu isiyolingana naye. Akaongeza, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuandika kila anachokiona, kwamba kulikuwa na tundu moja la sindano kwenye kiwiko cha kushoto, na jingine la dripu juu ya kiganja cha kulia. Hapo Bi Nukta alikuwa amepiga mstari, bado hajui kwa nini.

Mshitakiwa alikuwa mtaalamu wa maabara aliyeipima damu hiyo. Ushahidi wa koplo ulisimama juu ya mguu mmoja. Tyubu ya damu ya mgonjwa, iliyochukuliwa kwenye friji ya maabara, ilikuwa imeandikwa saa 8:25. Daftari la maabara lilionyesha imepokelewa saa 14:40. Koplo akapiga hesabu: kutoka saa mbili na dakika ishirini na tano asubuhi hadi saa nane na dakika arobaini mchana ni saa sita na robo. Kwa hiyo jamaa aliiacha tyubu mezani, akaichanganya na ya mtu mwingine, kisha akajaza daftari kwa uongo. Kesho saa tatu asubuhi angepandishwa kizimbani kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Ndugu wa marehemu, mdogo wake wa kike, ndiye aliyefungua shauri, na kila siku alikuwa akipiga simu kuuliza limefika wapi.

"Mleteni," Bi Nukta akasema.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti viwili na dirisha lililopakwa rangi ili watu wasichungulie. Mtaalamu aliingia akiwa na shati la kazini alilokamatwa nalo, mfukoni bado ana kalamu ya kuandikia kwenye kioo.

"Kaa."

"Nimekaa siku nne, Inspekta. Acha nisimame kidogo."

"Tyubu inasema nane na ishirini na tano. Wewe unasema kumi na nne na arobaini."

"Mimi nasema saa niliyoipokea. Saa iliyoandikwa kwenye tyubu muulize aliyeiandika. Mimi siandiki tyubu. Nasoma."

"Kazini wanakuitaje?"

Aliguna. "Umeshaambiwa."

"Nataka nikusikie wewe."

"Rudisha. Kwa sababu narudisha. Tyubu haina namba, rudisha. Haina tarehe, rudisha. Fomu haina saini, rudisha. Miaka kumi na tisa. Kuna nesi alisema siku nikifa nitalirudisha jeneza, eti jina limekosewa." Hakucheka. "Na hii ya marehemu niliirudisha pia, kama unataka kujua. Lakini koplo wako hakutaka kujua. Aliniuliza kama nilikuwa nimekunywa."

Bi Nukta aliacha kuandika. "Ulirudisha ipi? Hii si uliipima?"

"Hiyo ni ya pili. Ya kwanza ililetwa saa saba. Namba ni sawa, tarehe sawa, jina lake sawa, jina la baba yake limekosewa herufi moja. Fomu ina l, tyubu ina r. Unajua watu wanavyoongea. Anaandika kama anavyotamka. Wengine wangesema hata kipofu ataona ni mtu yule yule. Mimi kazi yangu si kuona kama kipofu. Nikaandika vikaratasi viwili, kimoja cha wodini, kimoja cha kwenye tyubu: jina halilingani, chukueni upya. Saa nane na arobaini ikaja ya pili, imeandikwa vizuri mpaka nikafurahi. Hakuna kasoro hata nukta."

"Ya kwanza iliishia wapi?"

"Kwenye friji, rafu ya chini, kikapu chekundu. Za kurudishwa naziweka siku saba, watu wasije wakasema sikupewa kitu. Leo siku ya sita. Aliyeachiwa maabara hajui mambo ya kikapu. Kesho akifanya usafi, imekwenda." Ndipo akakaa. "Nimewaambia hivi watu watatu. Wewe ndiye wa kwanza kushika kalamu."

Bi Nukta aliona haya kwa niaba ya kituo chake, na haya ilimjia kama kawaida yake, kwa sura ya hasira. Alifunga jalada, akaagiza gari.

Hakutaka kupimiwa na watu wa hospitali ile. Aliomba mtaalamu kutoka maabara nyingine, akapewa mwanamke mnene aliyekaribia kustaafu, mwepesi wa mkono na mzito wa kusifu. Walikutana mbele ya friji. Kikapu chekundu kilikuwepo, na ndani yake tyubu tatu. Ya kati ilikuwa na kikaratasi kilichofungwa kwa mpira: jina halilingani, chukueni upya. Mwandiko ulikuwa wa mtu anayejua atakuja kubishiwa.

"Kabla hujaigusa," Bi Nukta akasema, "nitafutie makosa yake. Yote. Sitaki kumwonea wala kumpendelea."

Yule mama alivaa glavu, akaanza na karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji. "Joto linaandikwa asubuhi na jioni. Siku ile ni nyuzi nne, na nne."

"Umeme ulikatika siku ile. Koplo amelikazia sana."

"Dakika arobaini. Friji iliyofungwa haishtuki kwa dakika arobaini. Koplo huyo anadhani damu ni maziwa?"

"Dawa za kupimia?"

"Muda wake haujaisha. Na kila asubuhi alizijaribu kwa damu anayoijua kabla ya kuziamini kwa asiyoijua. Ona, hata Jumapili."

"Hii mashine ya kuzungushia?"

"Ikienda kasi mno, chembe za damu zinajibana chini, unadhani zimeshikamana kumbe hapana. Ikienda polepole, zinazotaka kushikamana hazikutani. Hii ilipimwa mwezi uliopita." Akafunua daftari, kidole kikishuka ukurasa. "Mwanangu, mezani hapa mtu anaweza kukosea kwa njia nyingi. Anaweka damu nyingi kuliko dawa. Anasoma kabla ya wakati. Anaosha chembe vibaya mpaka dawa inaharibika, anapata jibu la uongo na kulala usingizi mnono. Mengine nimeyafanya mwenyewe, ndiyo maana nayajua yanavyonuka. Hapa siyanusi. Alipima kundi kwa njia mbili, chembe kisha majimaji, zikakubaliana. Akalinganisha tyubu na mfuko, vikakubaliana. Na kuna saini ya mtu wa pili."

"Basi pima mwenyewe."

Alipima. Alianza na ile iliyokubaliwa, ile safi, ambayo Bi Nukta alikuja nayo kutoka kituoni. Bi Nukta aliangalia matone yakidondoshwa, mashine ikinguruma na kutulia, mkono mnene ukitikisa kila tyubu ndogo taratibu mbele ya taa. Kwenye moja chembe zilishikamana zikawa punjepunje; kwenye nyingine zilielea kama kawaida.

"Huyu ni B," yule mama akasema. "Mfuko ulikuwa B. Bwana Rudisha hakukosea kitu."

Kisha akachukua ile ya kikapu chekundu. Alitikisa, akatazama, akarudia tangu mwanzo bila kuambiwa. Alipomaliza alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Na huyu ni O, na mtu wa O hatiwi B. Namba moja, tarehe moja, jina moja ukiacha hiyo herufi yenu. Watu wawili."

"Ipi ni ya marehemu?"

"Hilo usiniulize mimi. Maabara inajua tyubu. Kitanda hatukijui."

Bi Nukta alishuka ngazi akiwa na kadhia mbaya kuliko aliyopanda nayo. Ikiwa marehemu alikuwa O, basi damu yake halisi ilifika maabara saa saba mchana, ikarudishwa kwa sababu ya r, na mahali pake ikaja damu ya mtu mwingine ikiwa na jina lililoandikwa bila kosa. Na ikapokelewa kwa furaha.

Wazo la kwanza lilikuwa jirani. Wodi ya wazazi ina vitanda vilivyobanana; nesi aliyechoka anaweza kumchoma wa kitanda cha tano akidhani ni wa sita. Aliomba majina ya waliolazwa siku ile na makundi yao. Walikuwa saba pamoja na marehemu. Katika wale sita, watatu walikuwa A na watatu O. Hakukuwa na B hata mmoja. Bi Nukta aliisoma karatasi ile mara mbili, akaikunja, akamlaani jirani ambaye hakuwepo.

Muuguzi ambaye herufi za jina lake zilikuwa kwenye ile tyubu safi, Bi Nukta alimkuta akipanga shuka kwenye kabati. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye macho ya mtu asiyelala kwake. Hakuna polisi aliyewahi kumhoji.

"Hii umeandika wewe?" Bi Nukta akamwonyesha picha ya lebo.

"Mimi."

"Saa mbili na dakika ishirini na tano asubuhi?"

"Asubuhi? Siku ile niliingia zamu saa nane mchana, Afande. Asubuhi nilikuwa kwangu nafua."

"Umeandika nane na ishirini na tano."

"Si ndiyo? Saa nane na dakika ishirini na tano." Kisha akaelewa, akatazama sakafu. "Wenzangu wanaandika kumi na nne. Mimi nasahau. Saa yangu ni ya Kiswahili; mama yangu hakunizaa saa kumi na nne."

Bi Nukta hakujua acheke au apige ukuta. Siku nne mtu amelala sakafuni kwa sababu koplo hakuuliza nane ipi. Saa sita na robo zilizopotea hazikuwahi kuwepo. Tyubu ilichukuliwa saa nane na ishirini na tano, ikafika maabara saa nane na arobaini. Dakika kumi na tano, mwendo wa kupanda ngazi.

"Mgonjwa ulimjua?"

"Hapana. Nimeingia tu, nakuta kikaratasi cha Rudisha mezani, kama kawaida yake, kinasema tyubu ya nesi wa asubuhi imekataliwa. Nikachukua sindano nikaenda kitanda cha sita. Alikuwepo, kajilaza, kajifunika shuka mpaka kifuani."

"Bendi ya mkononi, yenye jina?"

"Bendi zimekwisha mwezi wa tatu huu. Kila tukiuliza tunaambiwa zimeagizwa."

"Kwa hiyo ulimtambuaje?"

"Nilimuuliza."

"Nataka maneno yenyewe. Ulimuuliza jina lako nani, au ulimuuliza wewe ni fulani?"

Muuguzi alishika shuka moja akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Nilimuuliza wewe ni fulani."

"Akasema?"

"Akasema ndiyo."

"Ulimchoma wapi?"

"Mkono wa kulia. Kiwiko. Damu ilikuja mara moja, nikamwambia una mishipa mizuri." Sauti yake ilishuka. "Mtu aliyetokwa na damu siku mbili hawi na mishipa mizuri. Nilipaswa nijiulize. Kulikuwa na mwingine anajifungua upande wa pili, ananiita, nikakimbia. Mfuko ulipokuja waliufunga wenzangu wawili. Walisoma jina, wakasoma namba, vyote sawa. Mimi yule dada sikumwona tena."

Mkono wa kulia. Bi Nukta alifungua jalada pale pale, akasoma mstari wake mwekundu: tundu moja, kiwiko cha kushoto. Tyubu mbili, tundu moja.

Alibakiwa na kitu kimoja cha kuthibitisha: kama saa ile marehemu hakuwa kitandani, alikuwa wapi? Hakuhitaji kutafuta sana. Chumba cha ultrasaundi, cha kupigia picha za tumbo, kilikuwa mwisho wa ujia ule ule. Karani wake alikuwa mzee mkali aliyelinda daftari lake kama mahari ya binti yake. Siku ile, namba ile, kitanda cha sita: kaingia 14:10, katoka 14:50.

"Una hakika ni yeye?"

"Daktari alimjua, ndiye aliyemzalisha. Aliletwa kwa kiti cha magurudumu."

"Nani alibaki kitandani kwake?"

"Mimi nalinda mlango wangu," mzee akasema. "Vitanda vina wenyewe."

Ilikuwa saa kumi kasoro alipofika kwenye nyumba ya marehemu. Mume alikuwa hajarudi kutoka kazini. Mlango ulifunguliwa na yule mdogo wake, mtoto begani, kitambaa cha kufutia matapishi mkono wa pili. Walifanana, yeye na dada yake aliyekuwa kwenye picha ukutani. Jikoni chupa za maziwa zilikuwa zinachemshwa kwenye sufuria na kugongana.

"Amekiri?" akauliza kabla hata ya kumkaribisha mgeni.

"Bado nina maswali machache, mdogo wangu."

"Muulize yeye maswali. Mimi nimeshasema yote. Yule mtu kazi yake ni kupima damu, moja tu hiyo, akashindwa. Huyu atakua hamjui mama yake. Mimi nitakuwa mama mdogo na mama mkubwa na mama mwenyewe." Alimlaza mtoto kwenye kochi, akamzungushia mito pande zote. "Nataka afungwe. Sisemi uongo. Nataka azeekee huko."

"Marehemu alikuwa na kadi ya kliniki?"

"Ninayo. Hakuna aliyeniuliza." Alivuta mkoba uliokuwa nyuma ya mlango, akatoa kadi ya rangi ya waridi iliyochakaa pembe. Akasita, kisha akatoa na nyingine, ndogo, mpya. "Na hii yangu. Walituambia ndugu watoe damu ya kufidia. Nilitoa asubuhi ile ile, mfuko mzima. Kadi nimepewa juzi, tumeshazika. Nimeitunza. Angalau mimi sikukaa bure."

Aliziweka mezani kando kwa kando, kama mtu anayeonyesha picha za harusi. Ya waridi iliandikwa kundi O. Ndogo iliandikwa kundi B.

Bi Nukta aliziangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika kusoma herufi mbili. Mpaka hapo alikuwa na hamu ya kujua. Hamu ilimwisha, ikabaki kazi.

"Dada yako alipopelekwa kupigwa picha, ulikuwa wapi?"

"Pale pale. Sikuwa nimelala siku mbili. Nikajinyoosha kitandani kwake."

"Nesi akaja."

"Akaja na sindano."

"Alikuuliza nini?"

"Aliuliza wewe ni fulani, akataja jina la dada." Alisema bila wasiwasi wowote. "Nikasema ndiyo."

"Kwa nini ulisema ndiyo?"

"Wewe ungefanyaje? Walikuwa wamemchoma saa sita ile, akalia. Wakapeleka, ikarudi, eti jina limekosewa. Mtu anamwagika damu tangu juzi, shuka tunabadilisha kila saa, halafu wanakuja kumchota nyingine kwa sababu ya jina. Nikasema moyoni, wachukue yangu. Mimi ninayo. Kijitone hicho kitanifanya nini? Na sisi ni damu moja, mimi na yeye. Baba mmoja, mama mmoja, ziwa moja. Nilimwambia aliporudi. Akacheka, akasema ahsante mdogo wangu, umeniokoa na sindano."

Chupa ziliendelea kugongana jikoni. Bi Nukta alikuwa ameongea na wauaji wengi, na wote walimpa kitu cha kushika: uongo, woga, jeuri. Huyu alikuwa amempa wema mtupu, na wenyewe ndio ulioua. Alitamani atoke, ampigie bosi wake, amwambie tyubu ya pili haijulikani ilikotoka. Shauri lingekufa lenyewe, labda. Au labda lisife. Hakimu angeuliza B imetoka wapi, na asipojibiwa, aliye karibu ni yule mwenye shati la kazini.

Badala yake alizisukuma zile kadi mbele ya yule mdogo wa marehemu.

"Soma hizi kadi."

"Nimezisoma."

"Soma penye kundi."

Alisoma. Alichukua moja, akairudisha, akachukua nyingine.

"Hii O. Hii B. Ndiyo nini?"

"Ndiyo kwamba damu yenu si moja."

"Sisi ni baba mmoja mama mmoja."

"Najua."

"Damu moja, Inspekta. Muulize mtu yeyote."

"Ni usemi wa watu, mdogo wangu. Ni kweli kwenye mirathi na kwenye msiba. Maabara haiujui." Akaendelea kwa sababu kusimama katikati kungekuwa ukatili zaidi. "Yule mtu alipima alichopewa. Alipewa damu ya B, akatoa mfuko wa B. Alipima sawasawa. Alichopewa kilikuwa chako."

Hakulia. Alikaa chini taratibu, pembeni ya mtoto, akaanza kuipanga upya mito ambayo haikuwa imesogea. Kiwiko chake cha kulia kilikuwa wazi. Alama ilikuwa imeshapotea.

"Ungeniacha," akasema mwishowe.

"Kesho anapandishwa kizimbani."

"Ungeniacha nimchukie. Nilikuwa naweza kuamka asubuhi. Namchukia, nachemsha chupa, namchukia, namwogesha mtoto. Sasa nitaamka na nini?"

Bi Nukta alimwambia alilokuwa nalo: kwamba nesi aliuliza vibaya, kwamba bendi za mkononi ziliisha miezi mitatu iliyopita na mtu akaketi ofisini akisema zimeagizwa, kwamba yote hayo yangeandikwa, kila moja kwa jina lake. Mdogo wa marehemu alisikiliza kwa adabu. Ilionekana wazi kwamba hakuna hata moja lililomfikia.

"Shemeji anarudi saa kumi na moja," akasema. "Lazima uandike?"

"Lazima."

"Na nikisema sikusema hivyo?"

"Nitamwita nesi akutazame usoni. Nitakuonyesha daftari la ultrasaundi. Sitaki kukufanyia hivyo."

"Yule mtu ana watoto?"

"Sijamuuliza."

Alitikisa kichwa mara kadhaa, akanyanyuka, akaenda kuzima jiko. Aliporudi alikuwa amenawa uso. Akavuta kiti mpaka mezani, akazisogeza zile kadi mbili zisilowe.

Bi Nukta alitoa fomu ya maelezo ya shahidi. Mstari wa kwanza ulikuwa wa jina. Jina hilo alikuwa nalo kwenye jalada, kurasa tatu tofauti. Angeweza kulinakili tu, au kumsomea aitikie. Ndivyo kila mtu alivyofanya siku zote. Aliifunga kalamu nyekundu, akachukua ya bluu.

"Jina lako nani?"

Mdogo wa marehemu alimtazama mtoto, kisha ile picha ukutani, kisha fomu.

Akalitaja, lake mwenyewe, polepole, na kufuatisha la baba.

"La baba ni kwa l," akasema. "Watu wanalikosea."